Taa ya AHC kwenye Land Cruiser 100: pima waya kabla hujanunua sensa

Gari linaloniletea kazi hii mara nyingi ni Land Cruiser 100, hasa zile zilizotoka Japani kwa jina la Cygnus. Zilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2007 na bado zimejaa barabarani kwetu. Nyingi zina AHC, ule mfumo wa mafuta ya haidroliki unaonyanyua na kushusha gari ukisaidiana na springi. Mwenye gari anakuja na malalamiko yaleyale: taa ya OFF kwenye dashibodi inawaka na kuzimika, akibonyeza swichi ya kunyanyua gari halijibu, na fundi aliyemtangulia kamwambia sensa, kile kifaa kinachopima urefu wa gari, imekufa. Wengi wanakuwa wameshaenda kwenye maduka ya vipuri ya Shauri Moyo au Gerezani, wamenunua sensa ya used, imefungwa, na taa iko palepale.

Hili linaniuma kwa sababu sensa hizi si za bei ya nyanya, na nyingi zinazotupwa ni nzima kabisa. Ninaeleza hapa jinsi ninavyotafuta ubovu wa njia ya umeme ya sensa, toka kodi, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa na gari, mpaka waya. Vifaa havitishi: multimita ya dijitali, pini mbili nyembamba za kushonea, rezista ya kilo-omu 1 (kile kipande kidogo kinachobana umeme), balbu ya wati 5 kama ile ya taa ya namba ya gari, betri 3 ndogo za tochi, na kipande kifupi cha waya. Skana, yaani mashine ya kusoma kodi, ukiwa nayo inasaidia, lakini usipokuwa nayo usikate tamaa.

Kontrolboksi inaona nini

Kwenye gari hili sensa za urefu ziko 3: mbele kulia, mbele kushoto, na moja nyuma. Kila moja imefungwa kwenye chasisi na ina mkono mdogo uliounganishwa kwa kifimbo na sehemu ya suspensheni inayopanda na kushuka. Gari likizama mkono unazunguka upande mmoja, likinyanyuka unazunguka upande wa pili. Waya zinazotumika ni 3. Wa kwanza unaleta volti 5 kutoka kontrolboksi, ile kompyuta ya AHC, wa pili ni ethi ya sensa, yaani waya wa hasi, ambayo nayo inarudi kontrolboksi, na wa tatu unabeba taarifa. Gari likiwa kwenye urefu wa kawaida, waya wa taarifa unakuwa karibu na volti 2.5, yaani nusu. Ukinyanyua au kushusha, namba inapanda au inateremka taratibu.

Kontrolboksi haina jicho la kuiona sensa. Inachokiona ni volti kwenye waya mmoja tu. Volti hiyo ikianguka karibu na sifuri, au ikipanda mpaka karibu na 5, sehemu ambazo sensa nzima haifiki, inaandika kodi ya njia ya umeme, inasimamisha kunyanyua na kushusha, na inawasha taa. Sasa jiulize ni mambo gani yanayoweza kuileta sifuri. Waya wa volti 5 ukikatika, sifuri. Waya wa taarifa ukigusa chasisi, sifuri. Na upande wa juu, ethi ikikatika, umeme ulioingia kwenye sensa unakosa pa kushukia, kwa hiyo waya wa taarifa unapanda mpaka karibu na 5. Sensa yenyewe ni mtuhumiwa mmoja kati ya wengi, na yeye ndiye anayekaa peupe kwa hiyo ndiye anayekamatwa kwanza.

Kabla hujaingia uvunguni

Gari hili linaweza kushuka lenyewe. Zima AHC kwa swichi ya OFF kabla hujaweka jeki, zima injini, weka stendi imara chini ya chasisi, ndipo uingie. Usilale chini ya gari lililonyanyuliwa kwa AHC huku mtu amekaa ndani anachezea swichi, hata kama ni kijana wako wa gereji unayemwamini. Mafuta ya mfumo huu yana presha kubwa, kwa hiyo bomba lake lisifunguliwe wakati unatafuta ubovu wa umeme. Hakuna sababu ya kuligusa.

Pima betri. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, uone kuanzia volti 12.4 kwenda juu, na injini ikinguruma uone kati ya 13.5 na 14.5. Betri iliyochoka inaleta kodi za uongo kwenye mifumo mingi kwa wakati mmoja, nawe utahangaika siku nzima na waya usio na kosa. Angalia na fyuzi, kwa macho na kwa tester, zote mbili. Hapo usikae sana.

Kusoma kodi bila mashine

Skana ndogo za bei rahisi zinazouzwa mitaani zinasoma injini tu, suspensheni hazifiki. Ndiyo maana mtu anakwambia "mashine haioni tatizo" wakati taa inapepesa mbele ya macho yake. Kwenye Toyota ya rika hili kuna njia ya zamani na bado inafanya kazi vizuri.

Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi ya matundu 16. Iangalie kwa mbele, upande wake mpana uwe juu. Mstari wa juu unahesabika 1 mpaka 8 kutoka kushoto, wa chini 9 mpaka 16. Unataka tundu la 4, yaani la nne juu, na tundu la 13, yaani la tano chini. Yaunganishe kwa kipande cha waya, kisha washa swichi ya gari bila kuwasha injini. Hesabu mara mbili kabla hujachomeka, maana tundu la 16, la mwisho kulia chini, lina umeme wa betri muda wote na ukiligusisha na la 4 umepiga shoti.

Taa ya OFF itaanza kupepesa. Taa za ABS, injini na airbag zinaweza kupepesa pamoja nayo, hizo ziache. Ikipepesa harakaharaka bila kupumzika, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Ikiwa na kodi, itapepesa makumi kwanza, itatulia kidogo, kisha itapepesa mamoja. Kupepesa mara moja, kutulia, kisha mara tatu ni kodi 13. Kodi 11 ni njia ya sensa ya mbele kulia, 12 mbele kushoto, 13 ya nyuma. Kwenye skana nzuri utaziona kama C1711, C1712 na C1713.

Ukikuta kodi moja, una eneo moja la kuchunguza. Ukikuta zote tatu kwa pamoja, usiende kwenye sensa yoyote. Sensa tatu hazifi siku moja. Hapo tafuta kitu wanachoshirikiana: umeme unaoingia kontrolboksi, ethi yake, au ile volti 5 kama imepigwa shoti mahali. Nitairudia hiyo ya shoti.

Kabla hujafuta chochote, andika kodi kwenye daftari na umuulize mwenye gari maswali mawili. Taa iliwaka lini, na ilikuwa wapi? Inayowaka wakati wa masika au baada ya kuosha gari kwa mashine ya presha, halafu inapona yenyewe jua likikaza, inakuelekeza kwenye maji ndani ya soketi au kwenye kiungo cha waya. Inayowaka kwenye matuta na barabara ya vumbi yenye makunyanzi kama ya bati inakuelekeza kwenye waya uliobaki na nyuzi mbili tatu, au kwenye sensa iliyochakaa ndani mahali pamoja. Gari linalolala upande bila kodi yoyote ni habari nyingine: mara nyingi kifimbo cha sensa kimechomoka au kimepinda, au mtu amekaza tosheni ba za mbele, zile fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi, ili gari "lisimame". Tosheni ba hazitengenezi kodi ya umeme, usiziguse kwa ajili hii.

Macho kwanza, mita baadaye

Ukiwa chini, fuata waya kutoka kwenye sensa kwa mkono wako, sentimita kwa sentimita, mpaka unapoingia kwenye fungu kubwa la waya. Usiangalie tu, shika. Tope la udongo mwekundu likikauka linafunika kila kitu, na waya uliokatika ndani ya plastiki kwa nje unaonekana mzima; ukiubana kwa vidole unasikia sehemu laini inayokunjika kirahisi kuliko pande zake. Tafuta alama za meno ya panya kama gari linalala nje karibu na jiko au stoo ya nafaka. Tafuta sehemu ambazo waya umegusa bomba la moshi. Na tafuta nailoni tepu. Kiwandani wanatumia utepe wa aina yake na mabomba ya plastiki yenye makunyanzi. Ukiona tepu nyeusi ya dukani imezungushwa mahali pamoja, hapo mkono wa mtu umepita, na mimi napaangalia kabla ya pengine popote.

Magari yaliyoishi sehemu za theluji huko Japani yanakuja na kutu nyingi uvunguni kwa sababu barabara zao wakati wa baridi zinamwagiwa chumvi. Huku pwani nasi tuna chumvi yetu ya hewa. Kwa hiyo gari lililotoka kule likaja kukaa Kigamboni au Tanga, soketi zake za chini zichunguzwe hata kama halina kodi.

Chomoa soketi ya sensa kwa kubonyeza kile kiulimi chake, usivute waya. Angalia ndani kwa tochi. Shaba safi inang'aa kama dhahabu iliyofifia. Ukiona unga wa kijani au mweupe, umeme mdogo wa sensa hauwezi kupita hapo kwa uaminifu. Angalia pia kama raba ya kuzuia maji ipo; mafundi wengi wakiifungua inaanguka, wanafunga bila hiyo, na masika inayofuata gari linarudi.

Vipimo kwenye soketi, na mtego wa volti 5

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanapodanganywa na mita zao.

Soketi ikiwa imechomolewa, washa swichi bila injini. Weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, siyo kwenye bolti yenye kutu iliyo karibu, na ule mwekundu uguse kila kituo, yaani kila ncha ya chuma, cha soketi ya upande wa gari. Kimoja lazima kikupe karibu volti 5. Usichomeke ncha nene ya mita ndani ya kituo cha kike, utakipanua na kesho utakuwa na tatizo jipya ulilolileta mwenyewe. Tumia pini. Zima swichi, weka mita kwenye omu, tafuta kituo kinachosoma omu chache kwenda hasi ya betri. Hicho ndicho ethi ya sensa. Kilichobaki ni cha taarifa. Rangi za waya usizitegemee kama gari limeshapita kwenye mikono mingi.

Volti 5 haipo kabisa? Acha mita imeunganishwa hapohapo, mwambie msaidizi achomoe sensa zilizobaki, moja baada ya nyingine. Kwenye magari mengi sensa kadhaa zinakunywa kutoka chanzo kimoja, kwa hiyo moja ikipigwa shoti ndani inaziangusha nyenzake. Volti ikirudi ghafla wakati moja imechomolewa, umempata mkorofi. Isiporudi, waya wenyewe umegusa chasisi au umekatika.

Volti 5 ipo? Usishangilie. Mita ya dijitali inavuta umeme mdogo mno, kwa hiyo waya uliobaki na unyuzi mmoja uliooza utakusomea 5 kamili. Fundi anaona 5, anasema waya ni mzima, anahukumu sensa. Huo ndio mtego. Ndiyo maana nabeba rezista ya kilo-omu 1. Iweke kati ya kituo cha volti 5 na kituo cha ethi ya sensa, palepale kwenye soketi, kisha pima volti juu ya rezista hiyo. Inavuta kama miliampea 5, mzigo mdogo usioweza kuumiza kontrolboksi. Waya zikiwa nzima, volti itabaki karibu na 5. Zikiwa na ubovu, itaanguka. Usithubutu kutumia balbu ya tester kwenye volti 5 hii, balbu inavuta umeme mwingi na unaweza kuunguza chanzo chake ndani ya kontrolboksi.

Nieleze gari moja. Mzee mmoja aliniletea Cygnus yenye kodi 13. "Fundi, sensa ya nyuma nimeshabadilisha, mbona taa bado?" Nikamwambia, "Mzee wangu, tupe nusu saa tuuchunguze waya." Soketi ikiwa imechomolewa nilisoma volti 4.9 kutoka kituo cha umeme kwenda hasi ya betri. Kwa macho ya haraka, safi. Nikaweka rezista. Volti juu ya rezista ikaanguka mpaka 3.1.

Imepotelea wapi 1.8? Usibahatishe, mita inasema. Rezista ikiwa bado ipo, nikarudisha waya mweusi kwenye hasi ya betri nikapima kila upande wa rezista peke yake. Upande wa umeme: 4.9, haujatetereka. Upande wa ethi, ambao ungepaswa kusoma karibu na sifuri: 1.8. Kwa hiyo waya wa volti 5 ulikuwa mzima, ubovu ulikuwa kwenye ethi. Ukigawa, volti 1.8 kwa miliampea 3.1 ni karibu omu 580 zilizojificha kwenye waya ambao ulitakiwa usifike hata omu 1. Gari likiwa limesimama sensa ilikuwa bado inatoa namba ya kuvumilika, iliyopanda kidogo. Likiingia kwenye matuta, kiungo kinaachia kabisa, taarifa inaruka juu, kodi inaandikwa. Sensa tatu mpya zisingeponya hilo.

Nikafuata waya kuelekea mbele. Juu ya chasisi, karibu na mahali alipochomelea mtu chuma cha kuvutia trela, kulikuwa na nailoni tepu. Mchomeleaji alikata waya apate nafasi, akazisokota pamoja na kuzifunga. Nilipobandua tepu, maji yalitoka. Chini yake shaba ilikuwa nyeusi, nyuzi zimevaa unga wa kijani, na ule wa ethi nilipougusa kwa kucha ulivunjika. Nikamenya plastiki kurudi nyuma. Weusi ulikuwa umeingia ndani ya waya kwa urefu wa kidole kila upande, maana maji yanatambaa kati ya nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi.

Ukitaka uhakika zaidi juu ya waya unaoushuku, zima swichi, ondoa hasi ya betri, chomoa soketi ya sensa na ya kontrolboksi, kisha upime ncha kwa ncha. Unataka chini ya omu 1. Kutoka kwenye waya huohuo kwenda kwenye chasisi unataka angalau kilo-omu 10 kwenda juu, vinginevyo unagusa mahali. Na kama mita inasema sawa lakini moyo wako haukubali, upe waya kazi: ncha zote zikiwa zimechomolewa kila mahali, pitisha volti 12 za betri ndani yake kupitia balbu ya wati 5, na ncha ya pili uipeleke kwenye hasi. Waya mzima unawasha balbu kwa nguvu zote. Ule wa mzee haukuiwasha hata kidogo.

Kilichobaki ni waya wa taarifa. Rudisha soketi kwenye sensa, ingiza pini kwa nyuma ya soketi ikipita pembeni ya raba, washa swichi, pima. Gari likiwa sawa utaona maeneo ya 2.5. Sasa tikisa. Tikisa soketi, tikisa fungu la waya, kunja waya kila penye kona. Mita yenye uwezo wa kushika namba ya juu na ya chini ni msaada mkubwa hapa, kwa sababu macho yako hayawezi kuona kuruka kwa muda mfupi kiasi hicho. Ukiwa na skana inayoonyesha namba za moja kwa moja, msaidizi aiangalie ndani wakati wewe unatikisa chini, na apige kelele namba ikiruka.

Kumhukumu sensa kwa haki

Waya zote zikishapita, ndipo sensa ipandishwe kizimbani. Ifungue, isafishe, iweke mezani. Panga betri 3 za volti 1.5 moja nyuma ya nyingine upate 4.5. Chanya kwenye kituo cha umeme, hasi kwenye kituo cha ethi. Pima kati ya kituo cha taarifa na hasi. Mkono ukiwa katikati utaona nusu hivi ya volti za betri zako, kama 2.3. Zungusha mkono polepole sana, kutoka mwisho mmoja mpaka wa pili. Namba ipande au ishuke kwa utulivu bila kuruka wala kupotea.

Rudia polepole zaidi pale katikati. Sensa inafanya kazi miaka yote kwenye sehemu ileile ya urefu wa kawaida, kwa hiyo njia yake ya ndani inalika hapo kuliko kwingine. Namba ikianguka ghafla unapopita katikati kisha ikarudi, sensa imechoka kweli, badilisha kwa moyo mweupe. Shafti ikiwa ngumu kuzunguka au ina mchezo wa kwenda kushoto na kulia, nayo ni ya kubadilisha. Sensa ya used ipime hivihivi dukani kabla hujatoa pesa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukitoa betri tatu na mita mfukoni.

Kuunga waya uunganike

Kata shaba nyeusi yote mpaka ufike inapong'aa. Itapungua urefu, kwa hiyo ongeza kipande cha waya wa magari wa unene uleule, usikaze ule uliopo. Vaa mpira wa kubana kwa moto wenye gundi ndani kabla hujaunga, wengi wanaukumbuka wakishamaliza. Unga kwa risasi au kwa kibano maalumu, kisha bana mpira mpaka gundi ichungulie pande zote mbili. Viungo vya waya tatu visikae sambamba mahali pamoja. Vipishanishe ili fungu lisivimbe na ili vikiharibika visigusane. Karibu na sensa acha ulegevu kidogo, kwa sababu suspensheni inacheza. Funga mbali na bomba la moshi na propela shafti.

Kokote utakapochomelea kwenye gari hili, ondoa hasi ya betri na chomoa kontrolboksi kabla ya kuwasha mashine. Kibano cha ethi cha mashine kifungwe karibu kabisa na unapochomelea.

Futa kodi kwa skana. Kuna tabia ya kufuta kodi, kuona taa imezimika, na kumkabidhi mtu gari lake palepale. Siikubali. Mtu huyo anaondoka na familia kwenda mkoani, akifika kwenye barabara mbovu taa inawaka na gari linagoma kunyanyuka pale anapolihitaji linyanyuke. Washa injini, funga milango, peleka Hi (juu), rudisha N (kawaida), peleka Lo (chini), kila moja mpaka itulie. Pima kwa tepu kutoka katikati ya tairi mpaka kwenye ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, ulinganishe. Kisha endesha kwenye barabara mbovu, mwagia maji uvunguni, endesha tena, na usome kodi upya kwa ule waya wa 4 na 13. Mzee wa Cygnus tulizunguka naye njia ya vumbi, tukarudi, taa ikapepesa harakaharaka bila kupumzika. Sensa yake ya kwanza niliipima mezani, ilikuwa nzima, nikamrudishia akae nayo kama akiba.

Mbinu hii unaweza kuipeleka kwenye magari mengine yenye sensa za urefu, kwa tahadhari moja. Baadhi zina vituo 6, na baadhi hazitoi volti inayopanda taratibu bali mapigo ya kuwaka na kuzimika, na multimita itakusomea wastani tu usio na maana. Umeme unaoingia na ethi vinapimwa kwa njia ileile. Taarifa itahitaji skana au osiloskopu, chombo kinachochora mapigo ya umeme.

Na ikitokea waya zote zimepita, sensa imepita mezani, na kodi bado ipo, nenda kwenye soketi ya kontrolboksi kabla ya kontrolboksi yenyewe. Angalia kituo kilichorudi nyuma au kilichopanuka, na alama za maji yaliyoshuka kutoka kioo cha mbele. Pima umeme wake na ethi zake ukiwa umeweka mzigo, kama ulivyofanya kwenye sensa. Volti 12 zikiingia vizuri, ethi zikiwa safi, na volti 5 bado haitoki hata sensa zote zikiwa zimechomolewa, sasa una haki ya kusema kontrolboksi. Ya used itoke kwenye gari la aina ileile, na namba iliyo kwenye lebo ifanane na ya kwako yote, mpaka tarakimu ya mwisho.